Nihesabu, Papa Olga

Luberizi, 4 Machi 2024

Shemeji yangu Naomie,

Nakusalimu kwa jina la Bwana. Olga anakusalimu pia. Anakula, anaenda shule, na wiki iliyopita aling'oka jino la mbele. Alilitia kwenye kisanduku cha kiberiti akasema atamwonyesha mama yake.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua wakati simu zipo. Simu ya nyumbani ilikuwa ya mke wangu, mdogo wako Marie-Rose. Niliizima Jumapili ile na sijathubutu kuiwasha. Nikiazima ya jirani, ua mzima utasikiliza, na neno nililo nalo si la ua mzima. Gracien wa pikipiki atakufikishia. Nimemwambia ni mambo ya shule ya mtoto.

Siku ya mazishi ulifika tukiwa tumekwisha kutoka makaburini, kwa sababu mto ulikuwa umekata barabara kule Kiliba. Kwa hiyo hukuona. Acha nikueleze.

Mke wangu alifariki Jumapili, saa nane mchana, kwenye benchi la kituo cha afya, kabla hawajamwita jina. Mama wa kwaya walimwosha, wakamvika kitenge cha kwaya. Jumatatu, kabla ya kufunga sanduku, niliomba nimshike mkono. Wakaniachia. Ulikuwa baridi kama chungu cha maji. Nikaushika pale kwenye kifundo, kama nilivyozoea. Shemeji, ulipiga. Tu, tu, tu. Si mara moja wala mbili. Nilihesabu mpaka kumi na tisa.

Nikapiga kelele: "Minye namusikia! Anapiga! Musifunge!"

Mama Nyirakamana, aliyemwosha, akanishika bega. "Weye Hyacinthe, toa mukono. Muache muntu alale."

Baba mdogo Bigirimana akawaambia vijana wanivute kando. Wakanivuta. Wakapiga misumari, na misumari nayo nikaihesabu. Ilikuwa minane.

Tangu siku ile sina mahali pa kukaa. Nikienda shambani nikafungua maji ya mpunga, nasikia tu, tu chini ya udongo. Nikikaa kanisani, nasikia chini ya benchi. Sikusoma sana, unajua niliishia mwaka wa pili wa sekondari, lakini si mtu wa kuota mchana. Wewe ni muuguzi miaka kumi na minane. Niambie kweli: moyo unaweza kusimama Jumapili ukaamka Jumatatu?

Nina sababu ya haraka. Baba mdogo ameweka siku ya kuondoa kilio, Jumamosi tarehe 6 Aprili. Siku hiyo watamwaga sima juu ya kaburi, saruji tupu. "Kaburi la udongo ni la mtu asiye na wenyewe," anasema. Mifuko ya sima wameiweka kwangu, chini ya kitanda, isipate unyevu. Kwa hiyo nalala juu yake. Ikiwa tulimfunga akiwa hai, Shemeji, sitaacha wamfunge mara ya pili. Nitafungua kwanza nione.

Nijibu wewe mwenyewe.

Hyacinthe

*

Uvira, 12 Machi 2024

Shemeji Hyacinthe, Papa Olga,

Barua yako ilinikuta kazini. Niliisomea chooni, ndipo penye mlango unaofungika. Unisamehe kuchelewa. Ziwa limepanda tena, watu wa chini ya barabara wamehamia madarasani, na kuhara kumeanza. Kutwa nzima tunatundika chupa za serumu.

Umeniuliza kama muuguzi, basi nakujibu kama muuguzi.

Kunja ngumi. Moyo ni mkubwa kiasi hicho, na umelala katikati ya kifua, ncha yake ikielekea kushoto. Ndani una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Upande wa kulia unapokea damu iliyochoka, iliyokwisha zunguka mwilini, na kuisukuma kwenye mapafu ikavute hewa. Ikirudi kutoka mapafuni inaingia upande wa kushoto, na huo ndio wenye nguvu, kwa maana unaisukuma mpaka kwenye kucha za miguu. Safari yote hiyo, kwenda na kurudi, inachukua kama dakika moja. Ulipokuwa ukisoma mistari hii, damu yako imekwisha fika miguuni na imo njiani kurudi.

Kati ya chumba na chumba kuna mlango. Wewe ni mtu wa mpunga, utanielewa. Ni kama zile vane zenu za mferejini: maji yakienda mbele, ubao unafunguka, yakitaka kurudi, ubao unajifunga. Sauti tunayoisikia kifuani ni milango inayojifunga, kwanza miwili, halafu miwili. Na kile unachokisikia kwenye kifundo cha mkono ni wimbi. Moyo ukisukuma, wimbi linapita kwenye mshipa hadi vidoleni. Hakuna anayeuamuru. Una mahali pake padogo, juu upande wa kulia, panapowasha cheche yake wenyewe, mara sabini hivi kwa dakika, tangu tumboni mwa mama.

Cheche hiyo ikizimika, damu inasimama pale ilipo, kisha inashuka kwa uzito wake kama maji ya shamba usilolifungulia. Muulize Mama Nyirakamana. Alipomgeuza kumwosha, aliona mgongo umeiva rangi kama zambarau. Hiyo ni damu iliyoshuka. Haipandi tena, Shemeji. Mtu hawezi kulala hivyo usiku kucha, mkono ukapoa na kukakamaa, kisha moyo ukaanza. Na kwa mtu kama yeye, ambaye mlango mmoja ulikuwa mgumu tangu utotoni, moyo ukichoka ndiyo basi.

Ulichosikia ni kilio. Nilipomzika mume wangu, nilisikia viatu vyake barazani mwezi mzima. Nilikuwa natoka kufungua. Usimzuie Bigirimana. Acha waweke sima, uanze kulala.

Mbusu Olga. Akiumwa koo, hata kidogo, usingoje. Mpeleke siku hiyohiyo.

Naomie

*

Luberizi, 21 Machi 2024

Shemeji Naomie,

Nimeisoma barua yako mara tatu, na mara ya nne nimemsomea Olga pale penye ngumi na vyumba. Alikunja ngumi yake akaiweka kifuani, akauliza nani anafagia humo ndani. Ni mara ya kwanza kucheka nyumbani kwetu tangu Februari.

Nashukuru. Lakini kuna maneno mawili nataka kukuambia bila kukuvunjia heshima.

La kwanza. Umeandika kwamba mlango mmoja wa moyo wake ulikuwa mgumu tangu utotoni. Nani alikwambia? Mimi nimekaa naye miaka tisa. Nilijua anapenda mito miwili na mkeka uliokunjwa juu yake, nikadhani anataka kulala akiuona mlango wa mtoto. Nilijua akipanda kutoka mferejini anasimama njiani na kujifanya anatazama ng'ombe za watu. Hata mbuzi alikuwa anasimama kuwatazama. Nilikuwa namtania: "Mama Olga, unanunua?" Nilijua ana vidonge ndani ya mfuko wa vitabu vya nyimbo, akaniambia ni vya kuongeza damu. Neno la mlango sikulijua. Wewe ulilijua.

La pili. Unasema nilisikia kilio. Hapana. Wewe ulisikia viatu, hukuvigusa. Mimi niligusa, na ninayajua mapigo yale kuliko unavyodhani.

Januari ya mwaka jana alitoka kwako Uvira, na jioni ya pili yake akaanza. Tulikuwa tumemaliza kula. Aliketi mkekani na ungo wa maharage, akaninyoshea mkono. "Papa Olga, nihesabu." Nikacheka: "Nikuhesabu nini, wewe ni mmoja." Akasema nishike mkono, nitazame saa ya marehemu baba, nihesabu dakika nzima. Nilishika ovyo, kwa vidole vyote. Akaugeuza mkono wangu yeye mwenyewe, akachukua kidole changu gumba na kukiweka mahali pake. "Hapa," akasema. "Na gumba lako zito. Hivyo ndivyo ninavyotaka."

Tangu hapo, kila jioni, isipokuwa za mikesha. Sabini. Sabini na mbili. Mara moja themanini na nane, jioni niliyobeba magunia kumi na moja hadi barabarani. Yeye alikuwa anaangalia juu wakati nahesabu, haangalii mkono. Sikumuuliza ni ya nini. Nilidhani ndiyo njia yake ya kuomba kushikwa, maana si mtu wa kuomba. Nami nikishika nilikuwa natulia mpaka nasinzia.

Kwa hiyo, Shemeji, mapigo yale ninayajua kama hatua za mtu barazani. Na yale ya kwenye sanduku yalikuwa hayohayo. Mwendo uleule. Si kitu kama hicho, ni hicho chenyewe.

Nimeamua. Ijumaa Kuu, saa tisa mchana, watu wote watakuwa kwenye Njia ya Msalaba. Makaburini hapatakuwa na mtu. Jembe nimekwisha linoa. Nikimkuta amelala kama walivyomlaza, nitamfunika na sitasema tena neno mpaka nife. Nikimkuta amegeuka, utanisaidia kumlea Olga.

Hyacinthe

*

Uvira, 25 Machi 2024

Hyacinthe,

Usiguse kaburi. Nakuandikia nimesimama, Gracien anangoja na injini inawaka.

Mtu anayefukua kaburi anaitwa jina moja tu, hapa na huko kwenu, na hawatakuuliza ulimfuata nani. Wakikuona, jina hilo watampa na Olga, kama bado watakuwa wamekuacha hai kulisikia.

Umeandika gumba. Nimekisoma kile kipande mpaka nimekihifadhi.

Fanya jambo moja kabla ya Ijumaa. Tafuta kitu kisicho na uhai, kigumu: mguu wa meza, mpini wa jembe, chochote. Kishike kwa gumba lile, palepale ulipomshikia, kwa nguvu ileile. Usiseme na mtu. Ngoja. Kisha niandikie umesikia nini.

Swali lako la mlango nitalijibu. Nakuapia. Lakini fanya hili kwanza.

N.

*

Luberizi, 30 Machi 2024

Shemeji,

Barua yako haikufika kabla ya Ijumaa. Kiliba palikuwa hapapitiki, Gracien alilala huko siku tatu na barua yako ndani ya koti la mvua. Ilinifikia Ijumaa Kuu, saa tisa na nusu, na ilinifikia makaburini.

Nilikuwa nimekwisha ondoa mawe na kupiga jembe kama mara kumi. Kwa mbali nilisikia wakiimba kituo cha nne, pale Yesu anapokutana na mama yake. Nikasikia pikipiki, nikasimama tu. Sikuwa na pa kujificha.

"Papa Olga," akasema Gracien, "Ijumaa Kuu unalima?"

"Napalilia."

Akatazama kaburi. Akatazama jembe. "Haya, palilia. Lakini Mama Naomie alisema usome kabla hujapalilia."

Akanipa barua, akageuza uso upande wa barabara, kama mtu anayemlindia mwenzake bafu lisilo na mlango.

Nilisoma nimesimama. Kisha nikashika mpini kwa gumba, nikabana kama nilivyokuwa nambana. Mwanzo hakuna kitu. Halafu mpini ukaanza kupiga. Tu, tu, tu. Nikaubwaga chini. Nikachukua jiwe la kaburi, nikalibana. Likapiga. Nikabana msalaba wa mbao wenye jina lake na tarehe mbili. Ukapiga, mwendo uleule, hatua zilezile.

Nilirudisha udongo. Gracien aliweka mawe pamoja nami. Tulipomaliza akasema tu, "Kumepalika vizuri," akaenda zake.

Usiku wa jana sikulala, lakini si kwa lile la zamani. Nilizunguka nyumbani. Nilibana mlango, nikabana chungu, nikabana ule mto wa pili wa kitanda. Kila kitu ndani ya nyumba yangu kina moyo, Shemeji, na wote ni wangu.

Hakuwa hai. Sasa nalijua hilo, na ningepaswa kushukuru. Lakini limefungua jingine. Kama pale kwenye sanduku nilikuwa nasikia gumba langu, basi jioni zile zote nilikuwa nasikia nini? Mwaka mzima na zaidi nilishika mkono wa mke wangu na kujihesabu mwenyewe. Yeye sijawahi kumsikia hata mara moja.

Na namba nilizokuwa nampa, alizipeleka wapi?

Hyacinthe

*

Uvira, 2 Aprili 2024

Shemeji Hyacinthe,

Alizileta kwangu.

Nimeanza barua hii mara tano. Sasa nitaandika bila kufuta.

Mdogo wangu alipokuwa na miaka tisa, tukiwa kwetu Mutarule, aliumwa koo wiki moja, akapona. Kisha magoti yakavimba, yakapona, vikavimba viwiko. Bibi alimpaka siagi ya ng'ombe akasema ni mtoto anakua. Hatukujua kwamba koo lile likiachwa bila dawa, ugonjwa unashuka na kuketi kwenye milango ya moyo. Unaikunja na kuifanya migumu polepole, miaka ishirini, mtu akiimba kwaya na kupanda mpunga. Mlango wake ulioharibika ni ule wa kushoto, kati ya chumba cha juu na cha chini. Vane isiyofunguka vizuri. Damu inajaa nyuma yake, inarudi mapafuni, na mtu anahitaji mito miwili ili apumue. Ng'ombe na mbuzi aliokuwa anawatazama njiani, alikuwa anatafuta hewa.

Januari ile alikuja kwangu kwa kikohozi tu. Nikaweka kipimo kifuani mwake, nikasikia. Daktari wetu naye akasikia. Alimpa vidonge, akasema aende Bukavu kwa wenye mashine, na asishike mimba tena, kwa sababu mimba ingemuua.

Nikasema: tutamwambia Hyacinthe. Akakataa. Nikasema: unaogopa atakufukuza? Akajibu, nakuandikia maneno yake kama yalivyo: "Hawezi kunifukuza. Atanihurumia. Ataninyang'anya jembe, atanichotea maji, ataacha kunitania. Minye nataka anishike mukono kama muke, hapana kama mugonjwa." Kila Jumapili ulikuwa unasimama kanisani kuomba mtoto wa pili. Alikuwa anakaa pembeni yako na kusema Amina. Akaniapisha kwa jina la mama yetu, nami nikaapa. Hilo ni kosa langu na silipunguzi.

Nilimwekea sharti moja. Kila jioni mtu ahesabu mapigo yake dakika nzima, na namba aniletee kwenye simu. Yakipita mia, au yakienda ovyo kama ngoma ya mlevi, nakuja siku ileile kumchukua. Ninazo bado. "Leo 72. Amesinzia akihesabu." "Leo 70, anasema niko kama saa ya baba yake." "88, jioni ya magunia." Ya magunia nilimgombeza kwa ukali, mgonjwa wa moyo anabebaje magunia! Akanijibu: "Sibebi tena, dada." Na ya mwisho, Jumamosi tarehe 10 Februari: "71. Mkono wake una moto leo."

Namba zilikuwa nzuri, Hyacinthe. Zilikuwa nzuri mno, nami muuguzi wa miaka kumi na minane nikazifurahia. Safari ya Bukavu nikaisogeza: tungoje mvua ipite, tungoje barabara itulie. Nilikuwa nasubiri kwa raha, nikiusikiliza moyo wako ukisema yuko salama.

Sasa fika mahali penye uzito, na ukae chini.

Nilimfundisha kuhesabu mimi mwenyewe, hapa kitandani kwangu. Vidole viwili, cha shahada na cha kati. Nikamwambia: gumba usilitumie kamwe, lina mshipa wake, litakuhesabia mwenye gumba. Akarudia maneno yangu, akacheka, akajaribu mkononi mwangu mpaka akaweza. Alijua. Ulipomshika kwa vidole vyote jioni ya kwanza, pengine ulikuwa karibu kumsikia kweli. Ndipo alipouchukua mkono wako na kuweka gumba.

Nimekaa na jambo hili tangu barua yako ya tarehe 21. Nilifikiri nikufiche. Ningekuambia tu alikosea. Lakini kuficha kumekwisha muua mmoja wetu.

Usijibebeshe lawama. Ulihesabu sawasawa kile alichokupa. Mimi ndiye sikuja hata mara moja kumshika mwenyewe. Kilomita arobaini. Niliamini namba kwa sababu zilinipa ruhusa ya kutokuja.

Kama utauliza, Bukavu wangemponya? Sijui. Vidonge havinyooshi mlango ule. Labda wangesema aende mbali zaidi. Labda angepata miaka mitano, labda mwezi mmoja. Sitakudanganya tena kwa upande wowote.

Olga ana miaka saba, na nimekuambia juu ya koo lake. Sasa unajua kwa nini. Mfundishe kunyosha mkono. Vidole viwili, upande wa chini ya gumba lake yeye, bila kubana sana. Mtoto hupiga haraka kuliko mtu mzima, usiogope.

Ukitaka nisije Jumamosi, sitakuja.

Naomie

*

Luberizi, 7 Aprili 2024

Shemeji Naomie,

Nilikuona jana ukiwa umesimama nyuma, kule kwenye miti, na kitenge cheusi. Hukusogea kwa sababu sikukujibu. Nami sikusogea kwa sababu sikujua nitakuja na uso gani. Ulipoondoka na gari la saa kumi nilitaka kulisimamisha, na mkono haukuinuka. Kwa hiyo nakuandikia.

Sijakusamehe bado. Nakuambia wazi ili usijidanganye na salamu zangu. Ninapoamka asubuhi nina hasira na wewe, mchana nina hasira na yeye, na jioni, saa ya kuhesabu, hasira inanigeukia mimi peke yangu. Miezi kumi na tatu mwanamke alinipa mkono wake kila siku, na kila siku nilimwambia habari zangu. "Sabini na mbili, Mama Olga, wewe ni mzima." Naye akisema, "Asante." Ananishukuru kwa moyo wangu.

Lakini jana, wakati fundi anachanganya sima, nilikumbuka kitu. Kuna jioni moja nilimaliza kuhesabu na sikuuachia mkono. Nikauliza, "Kwa nini huangalii ninapohesabu?" Akasema, "Nasikiliza." Nikadhani anasikiliza redio ya jirani. Nimekaa na neno hilo. Alijua gumba linahesabu nani. Labda naye alikuwa anahesabu, kwa upande wake.

Sima waliimwaga. Baba mdogo alikuja kuniuliza mbele ya watu, akiogopa nitapiga kelele tena: "Hyacinthe, tuendelee?" Nikasema muendelee. Akapumua, akasema, "Mungu asifiwe, maana fundi amekwisha lewa nusu." Watu wakacheka, hata Mama Nyirakamana. Fundi alipolainisha juu, Olga akatoka kwenye kundi la watoto na kisanduku chake cha kiberiti. Hakuomba ruhusa. Alilichukua jino akalibonyeza kwenye sima mbichi, upande wa kichwa, akalifunika kwa kidole. Fundi alitaka kulitoa. Nikamwambia aache.

Watu walipokwisha kula na kuondoka, jua lilikuwa bado likiiangaza milima ya Burundi ng'ambo. Nilitandika mkeka. Saa ya baba niliiweka chini. Nikamwambia Olga aninyoshee mkono.

"Unataka kufanya nini, papa?"

"Kukuhesabu."

"Niko mmoja," akasema.

Niliweka vidole viwili, kama ulivyoandika. Gumba nililikunja ndani ya ngumi ili lisije. Hakukuwa na kitu. Nilisogeza kidogo, hakuna kitu. Shemeji, niliogopa kuliko Ijumaa Kuu. Nilizoea kusikia mara moja, kwa nguvu, kama mtu anayebisha kwake. Huyu hakubisha. Nikapunguza kubana, nikashika kama mtu anavyoshika kifaranga.

Ukaja. Mwembamba, wa mbio, kama miguu ya mtoto inayokimbia kwenye udongo. Wangu nilikuwa nausikia shingoni, mzito, unakuja nyuma. Haikwenda pamoja. Mimi nilikuwa huku, yeye alikuwa kule, na kati yetu kulikuwa na ngozi tu. Nina miaka thelathini na nane, na sikuwahi kumsikia mtu mwingine.

Nikahesabu tisini na sita. Dakika ilipokwisha sikuiona tena saa kwa machozi.

"Ngapi?" akauliza.

Nikamwambia.

"Ni nyingi ao kidogo?"

"Ni zako."

Hakuondoa mkono. Alikuwa anatazama juu, haangalii mkono, kama yule. Kisha akasema, "Tena."

Njoo mwezi ujao, barabara ikikauka. Uje na kile kipimo chako, uweke kifuani mwake usikie milango yote. Sitaki namba kwa barua wala kwa simu. Njoo umshike mwenyewe.

Hyacinthe